Doa Jekundu la Shoga Yangu

Sitazunguka: nilimwonea kijicho. Tulikuwa wanawake wawili kwenye chumba cha ghorofa ya tatu Kariakoo, juu ya duka la vitenge, tukipima unene wa gamba la ubongo, lile tabaka lake la juu, kwenye picha za wazee wenye presha na wasio nayo. Kompyuta zetu zilikuwa mitumba, zilizoshuka bandarini kwa kontena baada ya biashara kufunguliwa. Yangu ilikoroma. Yake ilikuwa kimya; hata hilo nilimwonea.

Yeye alikuwa binti wa Kihindu wa Kisutu, mimi mtoto wa mtaa wa Gerezani. Nafasi ya kwenda kusoma nje ilikuwa moja, na Profesa aliyetusimamia alisema ataipata mwenye kazi ya kuaminika. Niliitaka mpaka nikawa naiota.

Mimi nilipewa upande wa kulia wa ubongo, ukatoka kijivu mtupu, bila tofauti yoyote. Yeye wa kushoto, akapata doa jekundu, dogo, juu kidogo ya sikio. Hapo gamba la wazee wenye presha lilikuwa jembamba.

Doa haliaminiki hivi hivi. Kwanza unalainisha picha: kila nukta inachanganywa na jirani zake, kwa upana unaouchagua wewe. Kisha unakumbuka kwamba umeziuliza nukta maelfu kwa maelfu, na nyingine zitakuitikia kwa bahati tu. Simama Mnazi Mmoja siku ya mkutano uite jina lolote, hukosi atakayegeuka. Kwa hiyo unakaza chekecheo, kile kipimo cha kukataa madoa ya bahati. Doa lake lilipita. Na upana alishauandika daftarini, milimita kumi, kabla hajafungua picha hata moja, kama tulivyofundishwa.

Alileta chevda, vile vitafunio vya Kihindi, tusherehekee. Nilikula, roho ikiniuma.

Jumamosi hakuja kazini. Nikafungua mafaili yake, nikajiambia nahakiki. Milimita tano, doa lipo. Kumi na tano, lipo. Ishirini, limefifia lakini lipo. Ishirini na tano, likamezwa na jirani zake, chekecheo likalikataa. Nikafuta majaribio mengine yote, nikachapisha hilo la mwisho.

Jumatatu niliingia kwa Profesa.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba. Kuna nini?”

“Lile doa. Ukilainisha zaidi, linapotea.”

Aliiangalia karatasi niliyomwekea mezani. “Umejaribu upana mwingine?”

“Huo tu.”

Akamwita mwenzangu, akamuuliza swali lile lile.

“Kumi tu, Profesa,” alisema. “Nilichagua mapema, sikutaka kubahatisha.”

Ukweli wake ndio uliomponza. Profesa alisema doa linalokuja na kuondoka hawezi kulipeleka nje, na hakulipima tena mwenyewe. Mimi, ambaye sikuwa nimepata kitu, nikapewa nafasi kwa sababu ya umakini wangu.

Jioni tulishuka ngazi pamoja. Nilingoja anitukane, na nilikuwa nimeshaandaa majibu. Hasira yake ingenipa nafuu.

“Shoga,” alisema, “bora kosa umeliona wewe hapa nyumbani. Ningeaibika ugenini.” Akanishika mkono. “Asante.”

Nikamwambia asijali. Nilikuwa nimeshapata kila alichokuwa nacho, na bado nilimwonea wivu, maana yeye angelala usingizi.