Mjomba Karoli na Vikaragosi vya Roketi

Leo mjomba wangu amenikosoa bila kusema neno, na sijui nifanye nini.

Asubuhi nimeona mtandaoni watu wanamkumbuka Mzungu aliyebuni zile filamu za vikaragosi vinavyorusha roketi. Mliokulia Lipangalala miaka ya tisini mnazijua. Tulizitazama kwenye kibanda cha video, Mjomba Karoli amesimama kando ya televisheni anatutafsiria. (Kiingereza alijua kidogo. Mengine alitunga, tena kwa Kindamba, lugha yetu ya nyumbani.)

Nikaenda kwake na binti yangu Neema, nikamwonyesha kipande kwenye simu: kikaragosi rubani anaongea ndani ya roketi.

Tangu apate kiharusi, mjomba hawezi kusema.

Akatazama. Midomo yake ikaanza kucheza, sauti haitoki.

Neema akauliza, "Babu, huyo rubani anasemaje?"

Mjomba akanigeukia mimi. Basi nikajaribu: "Anasema roketi imeharibika, tuleteeni msaada."

Akatikisa kichwa.

Nikajaribu tena. Akapiga paja kwa ule mkono wake mzima.

"Baba, siyo hivyo," Neema akasema.

Najua siyo hivyo. Nimesahau.

Kama ulikuwepo na unakumbuka maneno ambayo mjomba alimtungia yule rubani, niandikie hapa. Bado nipo kwake, na bado ananitazama.