Swichi Niliyoifunga kwa Blada

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau kwa zaidi ya miaka ishirini na imekataa kusahaulika. Nilikuwa kijana wa kujisifu, fundi wa kufunga vyuma vya madirisha na milango, na niliamini hakuna ukuta Eastlands nzima, huku Nairobi, ambao ungenishinda. Usinicheke. Najua hata wewe, uliyeshika ufundi huu huu, unajiona hivyo.

Kazi ilikuwa Komarock, kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza. Fundi mwenzangu aliamka mgonjwa, nikamwomba kaka yangu Kioko anisaidie. Kioko hakuwa fundi wa nyumba, alikuwa mchongaji. Kipande cha mti kikiingia mikononi mwake, kilitoka twiga aliyeinama kunywa maji, na ungeapa ana kiu kweli. Mkono wake wa kulia ndio uliotulisha mimi na mama tangu baba alipofariki. Siku hiyo aliacha kazi yake akaja, kwa sababu mdogo wake amemwita.

Drili niliyokuwa nayo ni ile kubwa ya kutobolea zege, inayozunguka huku ikigonga. Aliyenifundisha kuitumia ni Mzee Juma wa Majengo, mtu mkali asiyependa kurudia neno. Aliniambia kishikio cha pembeni kisitoke kwenye mashine hata nikibanwa na kona namna gani. Na swichi niishike kwa kidole changu, ili nikiiachilia mashine izime. Nikaitikia, "Ndiyo, Mzee," kama mtoto mwema.

Kisha nikafanya yangu. Kishikio kilikuwa kinagusa ukuta, nikakifungua nikakitupa mkobani. Kidole kilipochoka, nikakata ukanda wa blada, ule mpira wa ndani ya tairi kuukuu. Unatujua sisi: mfereji ukivuja ni blada, mzigo ukilegea kwenye baiskeli ni blada. Nikaizungushia swichi, nikakaza, drili ikanguruma yenyewe. Nilijiona mjanja sana.

Baada ya mashimo matatu mikono yangu ilikufa ganzi.

"Kioko, hebu shika kidogo," nikamwambia.

"Mutua, na hii kitu inazimwa aje?"

"Wewe sukuma tu. Nitaizima mimi."

Nikampa mashine ikiwa inazunguka. Haukupita muda biti, ile ncha ya kutobolea, ikagonga chuma kilichozikwa ndani ya zege, ikakwama. Biti iliposhindwa kuzunguka, mashine yenyewe ndiyo ikazunguka, na mkono wa kaka yangu ukiwa umenaswa humo. Aliachilia swichi, mwanangu. Alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Lakini nilikuwa nimeifunga. Nikakimbilia sebuleni kung'oa plagi, hatua sita au saba hivi, huku nyuma yangu nikisikia akiniita kwa jina.

Kifundo cha mkono kilivunjika na mishipa ya vidole viwili ikakatika. Madaktari walijitahidi. Mkono ulipona, ila ulipona ukiwa mkono wa kubebea mfuko wa sukuma wiki. Siku moja nilimkuta ameshika tezo yake ya kuchongea, mbele yake twiga aliyeishia shingoni. Tezo ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Alipotambua kwamba namwona, akamfunika yule twiga kwa gunia, akaniuliza kama nimekula. Mama alipotaka kujua kilichotokea, Kioko alimwambia aliteleza ngazini. Mama alifariki akiamini hivyo, nami sikuwahi kupata ujasiri wa kusema ukweli.

Mzee Juma alipopata habari alikuja nyumbani. Aliifungua ile blada kwenye swichi kwa mkono wake, akanikabidhi.

"Ungeumia wewe, ningekuonea huruma," alisema. "Umemuumiza aliyekuamini."

Akaondoka bila hata kunywa chai.

Juzi nimepita Kware nikaona vijana kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, wamevaa ndala, na swichi ya drili wameifunga vile vile. Nikapaza sauti kuwaonya. Mmoja akanijibu, "Tulia buda, hii job tunaijua." Nikaenda zangu nimevunjika moyo. Sijui kama maneno ya mzee yeyote yamewahi kumwokoa mtu. Ya Mzee Juma hayakumwokoa Kioko. Nakwambia tu kwa kuwa sina kingine cha kukupa.

Basi sikia. Kishikio cha pembeni kikae mahali pake, kikazwe, na mashine ishikwe kwa mikono miwili. Simama pahali imara, si juu ya ndoo. Uliza nyaya za stima zimepita wapi kabla hujatoboa, na macho yako uyakinge kwa miwani. Swichi usiifunge kamwe, hata kwa uzi. Biti ikikwama, achilia, chomoa plagi kwanza, ndipo uanze kuinasua. Na asiyefundishwa usimpe mashine, hata kama amekuja kwa kukupenda. Huyo hasa usimpe.

Mungu akubariki, mwanangu, katika kazi ya mikono yako. Akurudishe nyumbani kila jioni ukiwa mzima, na yule uliyetoka naye asubuhi arudi mzima pia.