Almasi ya Mama na Nyundo ya Baba Mkubwa

Bwana Mhariri, naomba ufiche jina langu na la kijiji chetu, lakini hasira yangu usiifiche. Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka thelathini na mmoja. Nimezaliwa Iringa, nimeolewa Mbeya, na misheni nilisoma mpaka darasa la sita. Nalitaja hilo darasa kwa sababu ndilo lililoniponza.

Marehemu baba yangu alikuwa mpishi wa mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa na shamba la tumbaku huko Iringa. Yule mama alipokuwa anarudi kwao alimpa mama yangu pete yenye jiwe la almasi, kwa kuwa mama ndiye aliyemuuguza alipolala na homa miezi miwili. Mama aliivaa Krismasi na Pasaka tu, siku nyingine ikakaa ndani ya kopo la majani ya chai.

Baba alipofariki na matanga yakaisha, ukoo ukakaa kugawa vitu. Baba mkubwa, kaka yake marehemu, akaitaka pete. Mama akamwambia, "Shemeji, hii nilipewa mimi kwa mkono wangu, si mali ya marehemu." Sasa baba mkubwa aliwahi kuwa mlinzi kwenye machimbo ya almasi kule Shinyanga, na tangu arudi hakuna wa kumwambia kitu juu ya mawe. Akasema, "Kwanza tujue kama ni almasi. Almasi haivunjiki. Leteni nyundo."

Nilikuwepo, na wazee wa kanisa walikuwepo. Akalaza jembe chini, akaweka pete juu yake, akagonga mara moja tu. Jiwe likatoka vipande vitatu. Mtu mzima yule akasimama akamnyooshea mama kidole: "Chupa! Almasi yenyewe umeipeleka kwa kaka yako Igawa, sisi unatuwekea chupa. Mwizi wewe!" Hakuna aliyefungua mdomo kumtetea, hata mmoja. Wiki hiyo hiyo mama alipanda basi kwenda Igawa kwa kaka yake, mwanamke aliyekaa kwenye ndoa miaka thelathini na zaidi, vile vipande na pete amevifunga kwenye pindo la kanga.

Nilivichukua nikampelekea sonara mmoja wa Kihindi hapa Mbeya mjini. Alitia kioo chake jichoni akaviangalia muda mrefu. Akasema yeye ni fundi wa dhahabu, hawezi kuandika cheti cha almasi, ila atavituma kwa posta kwa mthamini wa vito Dar es Salaam. Ripoti ilipokuja sonara alikuwa amesafiri, mkewe akanipa bahasha. Imeandikwa Kiingereza, ina mhuri. Nikaenda nayo nyumbani nikaisoma na kamusi, mimi na darasa langu la sita.

Nikaona "imevunjika." Nikaona "kasoro." Nikaona "rangi ya manjano." Chini kabisa nikaona "thamani ndogo." Nikasema basi, baba mkubwa alisema kweli. Nikapanda basi mpaka Igawa na, Mungu anisamehe, nikamwambia mama yangu mzazi, "Mama, sema tu ukweli. Ile almasi umeificha wapi?"

Alikuwa anapepeta mchele. Akanitazama, wala hakulia. Akasema, "Hata wewe?" Kisha akaendelea kupepeta.

Neno hilo la mama halikuniacha, na sonara aliporudi nilimfuata kwa ukali, nikadhani labda yeye ndiye aliyebadilisha vipande. Akaikunjua ile karatasi akanisomea mstari kwa mstari. "Mama, huu wa juu kabisa umeuruka? Unasema almasi halisi." Mimi niliudhani ni jina tu la kitu kilichopelekwa! Akaendelea, "Kasoro ni doa dogo ndani ya jiwe, karibu kila almasi inalo. Manjano ni daraja la rangi. Na hapa wanasema mipasuko ni mipya, imetokana na pigo. Thamani ndogo ni ya vipande hivi. Lingekuwa zima, lingekuwa jambo lingine." Nikamuuliza, si almasi haivunjiki? Akatikisa kichwa. "Haikwaruziki, mama. Ukiigonga inapasuka. Nani huyo aliyeigonga?"

Niliikunja karatasi nikatoka na hasira yangu. Nilipitia Igawa nikampigia mama magoti, akanisamehe kwa neno moja, "Inuka." Nikaenda mpaka Iringa na ripoti yangu. Baba mkubwa alisikiliza yote. Alipomaliza kusikiliza, unajua alisema nini? "Sawa mwanangu, yameshapita. Nitampelekea mama yako mbuzi, arudi kwake kimya kimya. Ila karatasi hiyo usiisome mbele ya watu. Mimi sasa ni mzee wa kanisa."

Nikamwambia, "Baba, mwizi ulimwita mbele ya watu."

Akasema, "Ukiisoma, mdogo wako atafute baba mwingine wa kumposea."

Mdogo wangu anachumbia binti wa Mbalizi, na wazazi wa binti wamesema hawapokei posa bila baba mkubwa kuketi mbele yao. Sasa kila siku ananiambia, "Dada, nyamaza mpaka nioe." Mama naye anasema mbuzi hamtaki, na kurudi kwa kificho hatarudi. Anataka baba mkubwa atamke kosa lake pale pale alipogonga nyundo, na watu wale wale wawepo.

Wasomaji, ukoo unakutana baada ya mavuno na ripoti ninayo sandukuni. Nikiisoma, mdogo wangu anakosa mke kwa ajili yangu. Nikinyamaza, mama yangu anazeekea kwa kaka yake akiitwa mwizi, na mimi ni mmoja wa waliomwita hivyo. Ninyi mlio wazazi, na ninyi mlio na wadogo wa kuoza, niambieni: niisome au ninyamaze?