Kura ya Amerika Ilipofika Tetu

Katikati ya miaka ya tisini, Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kuchagua rais, hakuna mtu kijijini kwetu Tetu aliyejiandaa kuliko mzee wetu wa kanisa. Diwani wetu mwenyewe mzee huyo hakumjua sawasawa, na jina la diwani alilichanganya na la yule aliyemtangulia, lakini majimbo ya Amerika aliyajua kama mashina ya kahawa yake. Kila jioni aliweka redio dirishani na kuielekeza antena milimani, na asubuhi akatuletea habari kwenye kituo cha maziwa, tukiwa bado kwenye foleni na madebe yetu.

Alikuwa upande wa chama cha ndovu, kile cha Amerika chenye nembo ya mnyama huyo. Ndovu wa kweli walikuwa wametoka msituni wakamlia mahindi, ila hilo hakuliona kuwa hoja. Kilichompendeza ni kwamba chama hicho kilitaka kodi ipunguzwe na maskini waache kulishwa na serikali. "Kila mtu abebe mzigo yake," alituambia. "America iliharibiwa na kusaidia watu." Nasi tulimsikiliza kwa adabu, sisi tuliofanya harambee ili apasuliwe nyongo, tukafanya nyingine ya karo ya kijana wake wa kwanza, na nyingine tena upepo ulipomng'olea paa. Hospitali wakati huo ilikuwa imeanza kututoza hata kwa vitu vidogo, mgonjwa anakwenda na glavu zake mwenyewe, lakini mzee alihofia sana kwamba Wamarekani wanatibiwa ovyo ovyo bila kulipa.

Kodi, hata hivyo, haikumnyima usingizi. Kilichomnyima ni habari kwamba huko ng'ambo wanaume walitaka kuoana na wanaume, na wanawake na wanawake, na wanasiasa wakawa wanashindana nani atawakataza kwa sauti kubwa zaidi. Sikuwahi kusikia mtu yeyote Tetu akiomba ruhusa hiyo. Mzee alikataa mapema tu, kwa niaba yetu sote, kabla ya kuulizwa.

Hapa lazima nieleze nyumba yetu. Nyanya yangu hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, alifanya jambo ambalo wajane wa Kikuyu wenye mifugo na akili walilifanya tangu zamani: alitoa mahari, akaoa mke. Mke huyo ndiye mama yangu. Sisi watoto tulizaliwa kwa jina la marehemu, na shamba lake likapata wenyewe. Mambo ya kitandani hayakuwamo, ingawa nimewajua wanandoa wengi wa kanisani ambao hawakuwahi kutunzana vile wawili wale walivyotunzana. Nyanya alimwekea mama maziwa ya juu, yale yenye mafuta, na mama hakugusa chakula nyanya hajaketi.

Na mzee wa kanisa, mpenzi wa ndovu, alikuwa ndugu wa marehemu, yaani shemeji wa nyanya. Mwaka huo alikuwa ameshtaki kwa wazee wa ardhi. Alidai shamba la ndugu yake halina mrithi, kwa sababu mama yangu hakuwa mke wa mtu bali kibarua aliyezoea kukaa. Kesi ilikuwa isikizwe wiki moja baada ya ile Jumapili ninayotaka kuisimulia. Mama akishindwa, tungefungasha sufuria tuondoke, na mama hakuwa na kwingine pa kwenda.

Jumapili hiyo tulikuwa na wageni, mume na mke kutoka kanisa moja la Amerika, watu wapole waliokula kila walichopewa hata pale walipostahili kukataa. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya karibu, kwa hiyo nilisimamishwa mbele kutafsiri. Mwanamume alikuwa na mashine ya kurekodi kaseti. Aliomba ujumbe mfupi wa kupelekea watu wao kabla hawajapiga kura: kwetu sisi, ndoa ni nini?

Mzee alisimama kabla swali halijaisha. Aliongea Kiswahili kwa kuwa watumishi wa serikali waliotoka mbali walikuwapo.

"Watu wa America wasikie," alisema. "Tangu Mungu aweke huu mlima hapa, mwanamke hajawahi kuoa mwanamke. Haiko. Na mtu akisema ati iko, huyo ni muongo. Wote wanakubali, inua mkono."

Mikono ikaanza kuinuka, hata benchi la mbele walipokaa wazee wa ardhi. Kanisa letu lilikuwa na mazoea ya kuinua mkono kwanza na kuuliza baadaye. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, amekunja mikono mapajani, huku majirani zake wakipiga kura kwamba hajawahi kuolewa.

Nyanya akasimama.

"Mwalimu, ngoja kwanza kutafsiri," aliniambia. "Shemeji, niko na swali. Ile siku mbuzi zilipelekwa kwa kina huyu mama, nani alikuwa mbele?"

"Hiyo ni mambo ya zamani."

"Sijauliza ni ya lini. Nani alikuwa mbele?"

"Ni mimi. Lakini..."

"Na nani alisimama kwa wazazi wake akasema tumekuja kutafuta bibi?"

"Ni mimi. Lakini wakati huo sikuwa nimeokoka."

"Na pombe ya hiyo siku nani alimaliza?"

Wazee wa benchi la mbele walikuwa wameinywa pamoja naye. Walianza kucheka chini chini. Mikono ilishuka, mingine ikipitia kichwani kana kwamba ilikuwa imeinuka kujikuna.

"Sasa tafsiri," nyanya akaniambia.

Nikatafsiri, neno kwa neno, kwa raha ambayo sijawahi kuipata tena katika kazi ya lugha. Mgeni mwanamke aliniuliza kama nilimaanisha waliishi pamoja kama dada. Nikamwambia hapana, yule pale alimuoa huyu hapa, kwa mbuzi, na msafara uliongozwa na mzee aliyetoka kuongea sasa hivi. Mumewe aliitazama mashine yake asijue azime au aache. Nyanya, ambaye hakuwahi kusikia sauti yake mwenyewe, akaomba kaseti irudishwe nyuma. Basi kanisa zima likamsikia mzee mara ya pili akisema haiko, kisha akisema ni yeye.

Wiki iliyofuata wazee wa ardhi walimaliza kesi kabla chai haijachemka. Shamba likabaki letu.

Kura zilipopigwa huko kwao, ndovu walishindwa urais. Mzee alihuzunika, lakini si sana, kwa sababu yule aliyeshinda, rais aliyekuwa tayari madarakani, ndiye aliyekuwa ametia sahihi sheria ya kutotambua ndoa za wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Punda, yaani chama cha mshindi, na ndovu walikuwa wamekubaliana kwa hilo. Tulisikia habari hizo kwenye redio ya Kiingereza jikoni, na nikamtafsiria mama.

"Hao watu," aliniuliza, "wakiambiwa hawakuoana, na mmoja akufe, ile nyumba inaenda kwa nani?"

Nilimwambia siijui sheria ya huko.

Alisukuma kuni ndani, akammiminia nyanya chai kwanza.

"Lazima kuna shemeji," alisema.