Mstari Mmoja Niliougeuza, na Jumamosi Naletewa Posa

Admin, jina langu libaki kwako. Najua wengine mtanitukana na sitajibu, maana nimeshajitukana vya kutosha. Nina miaka 27, kwetu ni Soweto, Mbeya, na sasa nafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja Iringa mjini. Jumamosi hii wazee wanatoka Kilolo kuja kwetu kuleta posa. Mama ameshashona kitenge, shangazi zangu wameshagombana nani apike pilau. Mimi najifungia chooni nalia.

Mchumba wangu nimwite Tumaini. Tulisoma pamoja chuo, Mbeya. Mimi nilikuwa yule msichana wa kukaa mbele, mkono juu kila swali. Yeye alishawahi kurudia mwaka, watu wakamwona mzito. Nilimpenda hivyo hivyo, ila leo niseme ukweli, hata mimi nilimwona mzito.

Mradi wake wa mwisho ulikuwa mashine ya kutotolesha vifaranga: kompyuta kuukuu, kipima joto, na taa kali ndani ya boksi la mbao. Joto likizidi, taa izime. Programu aliiandika kwa asembli, ile lugha iliyo karibu kabisa na mashine. Ili mashine iielewe unaipitisha kwenye asembla, na asembla ziko za aina nyingi. Mwalimu alitufundisha moja. Tumaini akachagua nyingine ya bure, aliyojifunza mwenyewe mtandaoni. Nilimcheka. "Kwani ya mwalimu ina upele?" Akajibu, "Hii ndo naielewa, mama. Niache niende na ninachokielewa."

Siku moja kabla ya kuwasilisha alikuwa bado Kilolo, alikokwenda kuchukua trei ya mayai kwa mama yake arudi na basi la usiku, na flash alikuwa ameniachia nimchapie ripoti. Nikafungua na programu. Nikaona mstari unaotoa namba ya joto kwenye kipimo na kuipeleka kwenye kumbukumbu. Darasani tulizoea kutaja kwanza namba inakokwenda, halafu inakotoka. Yeye alianza na inakotoka. Nikasema moyoni, maskini, huyu kesho anaaibika. Nikaugeuza. Kulikuwa na alama za asilimia ambazo sisi hatukuzitumia, nikadhani ni mbwembwe zake. Mistari mingine wala sikuisoma. Nikaipitisha kwenye asembla yake kwa kufuata maelekezo aliyoyaandika kwenye karatasi, ikapita bila kulalamika, nikaiweka kwenye ile kompyuta. Sikumwambia. Nilitaka afaulu, na ajue amefaulu mwenyewe.

Kesho yake mashine ikawashwa asubuhi, ukumbi ukafungwa. Walimu walipofika mchana taa ilikuwa bado inawaka. Mmoja akapasua yai kwenye kisahani, ute umeshaganda mweupe. "Kijana, umetuandalia chai?" Ukumbi mzima ukacheka. Tumaini akasema, "Lakini juzi ilizima yenyewe, mwalimu. Mara tatu." Hakuna aliyemwamini. Hata mimi. Kwangu mimi programu nilishaitengeneza, kwa hiyo nikaamini tatizo ni yeye.

Hakurudi chuo. Aliifuta programu yote, akaenda kulima viazi. Mama yake akanipigia simu. "Kamwene, mwanangu. Mayai si kitu, kuku watataga. Ila huyu mwenzio haongei, ana nini?" Nikamwambia atazoea tu.

Imepita miaka mitatu. Muhula huu ndiyo kwanza nimepewa somo la asembli, na wiki iliyopita mwanafunzi akaniuliza, "Madam, sasa sisi tuchague asembla ipi?" Nikaandika ubaoni mifano miwili, niwaonyeshe kwamba kazi ni ileile ila uandishi unatofautiana. Hii inataja kwanza inakokwenda. Hii nyingine, yenye alama za asilimia, inataja kwanza inakotoka. Nikauona mstari wa Tumaini pale ubaoni. Nikawaambia naumwa, nikatoka.

Nakala ya programu yake, niliyoitoa kwenye flash kabla sijaigusa, ilikuwa bado kwenye laptop yangu. Mstari wake ulikuwa sahihi. Nilivyougeuza mimi, joto halikuwahi kufika kwenye kumbukumbu. Mashine ilisoma sifuri asubuhi nzima, ikaona mayai yanapata baridi, ikaendelea kuwasha taa. Nililia mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga mlango.

Tumaini hajui. Nimeuliza chuoni kimyakimya, bado anaweza kurudi kumalizia mradi, lakini mwisho wa kujiandikisha ni mwezi huu. Nikimwambia, posa itakufa, na sitamlaumu. Nikinyamaza, naolewa na mwanaume niliyemwaminisha kwamba hana akili, halafu nikajiona mwema kwa kumpenda hivyo hivyo.

Jana alinipigia akiwa shambani. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka kama angependa kurudi chuo. Akacheka. "Niache na viazi vyangu. Mimi Mungu namwomba kitu kimoja tu, watoto wetu wachukue kichwa chako, wasichukue changu."

Ndugu zangu, nikaitikia amina. Nishaurini, nawaomba, nimwambie kabla wazee wake hawajapanda gari, au nifanye nini mimi?