Kitufe Kilichoandikwa Ludi

Mama alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nakata kitambaa dukani kwangu Kitale, akaniambia, "Simu imekura nyimbo."

Kwetu Bungoma herufi l na r huazimana nguo kama madada wawili, kwa hiyo nilijua simu imekula, haijapiga kura. Hata hivyo nilicheka. Niliiona simu ya mama imepanga foleni na kitambulisho mkononi, inazichagua nyimbo ziingie bungeni. Mama hakucheka. Alirudia polepole, kama anayeongea na mtu wa mbali sana, "Nyimbo za ndugu yako. Zimekurwa zote."

Hapo ndipo nilipoweka makasi chini.

Ndugu yangu, yule aliyenifuata, alikuwa anafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Bungoma. Kanisa letu la nyumbani halina kinanda, na mama ndiye anayeanzisha nyimbo. Mtu asiyejua anaweza kuidharau kazi hiyo. Ukianzisha juu, mkifika ubeti wa pili akina mama wanafungua midomo na hakuna kinachotoka. Ukianzisha chini, wanaume wananguruma kama mashine ya kusaga na wimbo unakufa kabla ya korasi. Mama alikuwa na sikio la kazi hiyo tangu ujana wake, ila macho yalipoanza kufifia alishindwa kusoma kitabu, na kwa kutosoma akaanza kuchanganya nyimbo, na kwa kuchanganya akaanza kuogopa. Mwanzishaji mwenye woga huanzisha juu.

Ndugu yangu akamtengenezea programu ya simu. Aliandika nyimbo zote za kitabu chetu kwa herufi kubwa kama kidole gumba, na kwa kila wimbo akaweka kitufe. Ukikibonyeza, unamsikia yeye akiimba mstari wa kwanza kwa sauti inayofaa, si juu si chini. Mstari wa kwanza tu. Nilipomuuliza kwa nini hakumalizia, alisema, "Huo wa pili ni wenu. Mimi naanzisha, nyinyi muingie."

Kisha akaugua kwa muda mfupi, akafariki. Programu ikabaki. Kila Jumapili mama alikuwa anaficha kisikizi kimoja chini ya kitambaa cha kichwa, anabonyeza, anamsikiliza mwanawe, halafu anafungua mdomo. Waumini walimsikia mama. Mama peke yake ndiye aliyemsikia kijana.

"Zilikurwaje?" nikamuuliza. Nilimwiga bila kutaka.

"Simu iliniambia ngoja inajitengeneza. Nikangoja. Ikasema iko tayali. Halafu ikasema hii kitu ya ndugu yako ni hatali, niiondoe. Sasa ikisema ni hatali, mimi ni nani nibishane? Nikaondoa."

Nilikasirika, nisifiche. Ila mimi nikikasirika huwa nataka kwanza kujua nimkasirikie nani, na hapo sikumwona mtu. Mama hakuwa ameomba marekebisho. Simu ilijirekebisha yenyewe ikiwa imechomekwa kwenye umeme, ikaamka na sheria mpya. Mimi ni fundi wa nguo. Siwezi kuingia nyumbani kwa mteja amelala, nichukue gauni aliloshonewa na mwanawe, nilifumue, kisha nimwachie ujumbe kwamba nimefanya hivyo kwa usalama wake. Wangeniitia polisi, na ningestahili.

Hata hivyo sikuwa tayari kusema simu ni ya kijinga. Jirani yangu wa saluni aliwahi kuweka programu moja aliyotumiwa na mtu asiyemjua, ikafungua orodha yake ya simu na kuwatumia watu wote picha za aibu, mchungaji wake akiwemo. Mwanamke yule alikaa wiki nzima bila kufungua duka. Kwa hiyo mlinzi ana kazi, hilo nalijua. Nilichotaka kufahamu ni jinsi anavyomtambua mwizi. Anaangalia sura? Anaangalia mikono?

Kwanza ilibidi niipate programu yenyewe, maana kompyuta ya ndugu yangu iliharibika hata kabla hajafariki. Nilikumbuka kwamba aliwahi kuwagawia wanakwaya. Mmoja wao, mwimbaji wa sauti ya pili aliyeolewa Kiminini, alikuwa bado anayo. Akanitumia faili mbili.

"Sijui ni gani, dada," akasema. "Moja ni ya marehemu. Ingine ilitumwa na watu tu, ati imeboreshwa. Zote zina jina moja."

Nikazipeleka kwa fundi wa simu, milango michache kutoka kwangu. Ni kijana wa watu, mcheshi, anapenda kueleza. Alijaribu kuiweka ya kwanza kwenye simu yangu, ambayo nayo ilikuwa imejirekebisha, na kioo kikaandika kwamba wameizuia ili kunilinda. Akajaribu ya pili, maneno yakawa yaleyale. Akanionyesha kwa kidole kana kwamba ni yeye aliyeyaandika.

"Unaona? Mwenyewe hajulikani."

"Hao wanaozuia ni akina nani?" nikauliza. "Imeandikwa 'tumezuia'. Tu nani?"

"Kampuni, madam."

"Wamewahi kuisikiliza?"

Akacheka. "Hakuna mtu anasikiza. Ni mashine inaangalia kama mwenye kuitengeneza amejiandikisha. Kama hajajiandikisha, ni mgeni."

"Na kama amekufa?"

Alivuta droo akatoa simu kuukuu anayojaribia vitu, moja ya zile ambazo haziwezi tena kupata sasisho lolote. Kioo kimepasuka, spika imekufa, tundu la visikizi limejaa kutu. Akaziweka zote mbili humo, moja baada ya nyingine, na simu ile haikuuliza swali hata moja. Sauti haikuweza kutoka, kwa hiyo tulibaki na kusoma tu.

Ya kwanza ilifunguka vizuri. Juu palikuwa na tangazo la dawa ya nguvu za kiume, chini vitufe vimepangwa: Rudi, Endelea, Tafuta. Ya pili haikuwa na tangazo. Fundi akaiinamia, kisha akanitazama kwa huruma.

"Madam, hii ya pili ni ya wakora. Achana nayo. Angalia hii spelling." Akasoma kwa sauti. "Ludi. Enderea. Programu ya ukweli haiwezi andika 'Ludi'. Hivyo ndivyo tunawajua. Mkora hajui kuandika."

Nilisimama pale mbele ya kioo kilichopasuka nikalisoma neno lile. Ludi. Nilimsikia ndugu yangu akilisema. Tangu utotoni alikuwa ananiambia ludi nyumbani, mama anakuita. Enderea mbere, nakuja. Mimi mwenyewe nimeishi Kitale mpaka wateja wamenicheka nikatengana na ulimi huo. Kuna mwanamke aliyewahi kuniomba gauni la kulala, nikamwuliza la kurara la rangi gani, na mpaka leo akipita mlangoni ananisalimu kwa swali hilo. Ndugu yangu hakutengana nao. Alifundisha kompyuta, alisahihisha mitihani ya watu, na kwenye kitu alichomtengenezea mama yake aliandika jinsi mama anavyotamka. Sijui kama alikosea au alikusudia. Nimejiuliza mara nyingi, na ningetoa kitu kizuri ili nimuulize.

Nikaanza kucheka na machozi yakawa yanatoka. Fundi akadhani nimeumizwa na habari za wakora.

"Ni hii," nikamwambia. "Mwizi ni yule mwingine. Aliiba, akaweka tangazo lake, halafu akasahihisha Kiswahili."

Jumamosi nilifunga duka mapema nikaenda Bungoma. Nilikuwa na haraka, na sababu ilikuwa ya kweli. Jumapili iliyotangulia mama alikataa kuanzisha, akamwachia mwingine, na yule akaupandisha wimbo mpaka ukakatika katikati na watu wakaketi bila kumaliza. Mama alikuwa ameniambia kwamba akifika tena kanisani bila kijana wake, atairudisha kazi kwa wazee, wampe mwenye macho. Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya sukari. Namjua mama. Akilirudisha jambo, hukaa nyumbani.

Tukaketi sebuleni na simu katikati yetu. Niliihamisha faili, nikaibonyeza, na simu yake ikatoa yale maneno. Nikamsomea: "Ili kukulinda, simu yako hairuhusiwi kusakinisha programu kutoka chanzo kisichojulikana. Msanidi hajulikani."

"Msanidi ni nani?"

"Ni mtu aliyeitengeneza."

Mama akaigeukia simu yenyewe. "Hajurikani na nani? Si ni mimi nilimzaa?"

Kwetu mgeni akibisha, kabla hajapewa kiti ataulizwa yeye ni wa nani. Atataja ukoo wa baba yake, na hautoshi. Atataja na ukoo aliotoka mama yake. Akishataja yote mawili, daima atapatikana mtu pale ndani anayemjua shangazi yake, na chai inawekwa. Hakuna anayeomba kitambulisho. Mama aliichukua simu, akaileta karibu na uso wake, akamtaja kijana: jina la nyumbani, ukoo wa baba, ukoo wake yeye mwenyewe, na mlima ambao bibi yake alitokea upande wa Kapsokwony. Aliyasema yote kwa heshima, bila utani, kama anayemjibia mtu aliyeachwa mlangoni. Simu ikazima kioo ili kuokoa betri.

Nikaiwasha tena na kuanza kupekua mipangilio. Ninapenda kufungua kitu nione kilivyoshonwa ndani, na hapa palikuwa na mengi. Kila ukurasa ulinirudisha nyuma kwa adabu kubwa. Mahali pa kuruhusu palikuwepo, ila palikuwa pamefifishwa rangi, hapabonyezeki. Ukibonyeza vidoti fulani juu, panafunguka. Halafu linakuja onyo jingine, na chini yake kitufe kikubwa cha bluu kinachosema Sawa, ambacho ukikigusa kila kitu kinafutika. Mlango wenyewe ulikuwa umefichwa ndani ya maneno madogo, Maelezo zaidi. Nikajiuliza ni nani huyo aliyekaa mahali akafikiria haya yote, na kama ana mama, na kama mama yake anaona vizuri. Sikuwa na hasira tena. Nilitaka kweli kumjua.

Mwisho simu ikaomba alama ya kidole cha mwenyewe. Mama akaweka kidole gumba. Haikutambua. Akakifuta kwenye leso, akaweka tena, na cha pili, na cha mkono mwingine. Vidole vya mama vimepukuchua mahindi na kushika jembe mpaka mistari yake imelainika, na wino wake hata kwenye karatasi hutoka kama doa tupu.

"Inasemaje?" akauliza.

"Inasema haikujui."

"Basi tuko wawiri," mama akasema, akakirudisha kidole kwenye leso.

Tukatumia namba ya siri. Na pale chini kabisa, kwa maandishi membamba, pakatokea maneno mawili: Weka tu. Nikamshika mkono nikamwonyesha mahali pa kugusa, maana niliona si haki niguse mimi. Akagusa. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, na ukurasa ukafunguka na herufi kubwa kama kidole gumba. Ludi. Enderea.

Siku iliyofuata alianzisha, na wimbo ulikwenda mpaka mwisho.

Lakini yule fundi wa Kitale, nilipompigia Jumamosi usiku kumweleza nilivyofaulu, aliniambia jambo moja zaidi, kwamba huko mbele hata hiyo Weka tu huenda ikaondolewa, na kila mtengenezaji atatakiwa kujitambulisha kwanza. Nilimwamini. Ndugu yangu hawezi kwenda popote kujitambulisha. Kwa hiyo baada ya chakula cha Jumapili niliweka simu yangu kando ya ile ya mama nirekodi ile mistari ya kwanza, mmoja mmoja, nje ya programu, mahali ambapo hakuna atakayeuliza imetoka kwa nani.

Nikamwomba mama akae kimya ili nipate sauti ya kijana peke yake. Akakubali. Nikabonyeza wimbo wa kwanza, ndugu yangu akaanzisha, na kabla sijanyoosha kidole kuzima mama alikuwa ameingia kwenye mstari wa pili. Tukacheka, akaomba radhi, tukaanza upya. Akaingia tena. Alifunga mdomo kwa leso, akageuka dirishani, akajaribu kweli, na kila wimbo ilikuwa hivyohivyo: akisikia umeanzishwa, anaingia.

"Siwezi, mama," akaniambia. Huniita mama akiwa amechoka. "Anaanzisha, halafu nimwache peke yake?"

Sikuzifuta. Ndizo nilizo nazo hapa dukani, na mama anasikika katika zote.