Juisi ya Masuku Mbele ya Wasomi

Familia yetu ina wasomi kupita kiasi. Tuna mhandisi, tuna mfamasia, tuna walimu wanne nikiwemo mimi, na tuna kaka yetu mkubwa, mstaafu wa reli, anayesoma gazeti na kalamu mkononi ili amsahihishe mwandishi. Hapa Lubumbashi watu wakitaka kututeta husema tunajidai, na hawakosei. Tukikutana, Kifaransa kinaanzia mlangoni na kinaishia pale chakula kinapoletwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kugombania paja la kuku kwa sarufi nzuri.

Tunakutana kila baada ya miezi miwili, Jumapili baada ya misa, kwa zamu: leo kwa huyu, safari ijayo kwa yule. Mwaka huo zamu ya dada yangu iliangukia Oktoba. Aliyekaa hapa anaijua Oktoba: mvua bado, vumbi jekundu hadi kwenye meno, na mabati yanalia juu ya kichwa kwa ukali wa jua. Dada anakaa Ruashi, katika nyumba aliyoijenga na mume wake tofali kwa tofali. Mume huyo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alirudi kutoka mgodini, akala, akalala, hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Watu wa upande wa mume walisema ni chakula.

Sitazunguka mbuyu. Walisema dada yangu ni mlozi, yaani mchawi. Hawakulisema mbele yake; nani husema mambo hayo mbele ya mtu? Neno liliondoka kwa wakwe zake, likavuka mji, likaingia kwetu, na sisi wasomi tukalipokea kwa heshima zote. Tulilikalisha sebuleni na tukajifanya hatulioni. Hakuna aliyelitamka. Ila watu wakaanza kupita kwake wakiwa na haraka, na walioingia hawakukaa hadi saa ya kula. Shangazi yetu, ambaye zamani alifika Ruashi na vyombo vitupu ili aondoke navyo vimejaa, akaanza kuumwa goti kila alipoalikwa. Goti hilo lilipona vizuri sana siku za harusi za watu wengine.

Kwa hiyo dada aliingoja Oktoba hiyo kwa hamu na kwa hofu. Safari hii wangefika kwake wote, zamu ni zamu, na angewapa kile alichowapa miaka yote: juisi yake ya masuku. Zamani waliigombania. Kaka yetu mkubwa aliwahi kuondoka na chupa mbili chini ya koti, kwenye joto ambalo hata padre alikuwa amevua koti. Mimi nilimshauri dada anunue tu kreti za sucré, ndivyo tunavyoziita soda, yaishe. Akanikatalia.

"Nitabapa masuku," alisema. "Bakikunwa, ni bien. Bakikatala, nitajua fasi yangu iko wapi."

Asubuhi ya Jumapili hiyo niliruka misa ya kwanza, nikatoka kwangu Bel-Air na mfuko wa barafu, nikaenda kumsaidia. Masuku yalikuwa yameletwa siku mbili kabla na mama mmoja anayeyatoa upande wa Sakania, kikapu kizima, matunda ya porini ya kahawia, madogo kuliko limau, yaliyoiva hadi ganda linafunguka kwa kubonyezwa na kidole gumba. Ndani kuna nyama ya njano inayonata, na mbegu tatu au nne zisizotaka kuachana nayo. Mashine haisaidii kitu hapo, mbegu zitaivunja. Masuku yanataka mikono. Unatoa ganda, unatupa nyama ndani ya maji yaliyochemshwa yakapoa, unaacha ilainike kwa saa moja, kisha unaingiza mikono na kukamua mpaka mbegu zibaki tupu. Halafu unachuja kwa kitambaa mara mbili, unatia tangawizi iliyotwangwa na kukamuliwa, limau, na sukari kidogo tu kwa kuwa tunda lenyewe linajitosheleza.

Dada alinawa mikono kwa sabuni mara tatu. Kila mara aliniita nimwangalie. Nilimwambia anaonekana kama mtu anayejiandaa kumpasua mgonjwa, akacheka, kisha akanawa mara ya nne. Hapo nilisikia huruma, na hasira juu ya ukoo mzima.

Kosa lililofuata ni langu mimi. Nilikuwa nimeona kwenye hoteli moja ya mjini jinsi wanavyoleta vinywaji: glasi tayari zimejazwa, zimepangwa kwenye sinia, kipande cha limau kimekaa kwenye ukingo. Nikasema tufanye hivyo, watu wetu wanapenda mambo ya kizungu, watashindwa kukataa. Tulijaza glasi ishirini na mbili jikoni, mlango umefungwa kwa sababu ya nzi. Zilikuwa nzuri kweli.

Sasa, hapa kwetu kinywaji hakimiminwi jikoni. Mgeni analetewa chupa imefungwa, inafunguliwa mbele ya macho yake, na kizibo kinarudishwa juu ya mdomo wa chupa. Akienda msalani, ama anaondoka na chupa yake ama anakubali kuipoteza. Kama kinywaji ni cha nyumbani, kinaletwa ndani ya jagi, mwenye nyumba anajimiminia kwanza, anakunywa watu wakimwona, ndipo anawapa wengine. Ukiuliza sababu utaambiwa ni adabu tu. Nimezaliwa ndani ya adabu hiyo, na siku ambayo ilihitajika kuliko siku zote, mimi nikaisahau kwa ajili ya vipande vya limau.

Walifika saa nane, wamependeza, wanajipepea kwa karatasi za kanisani. Nikapita na sinia. Hakuna aliyekataa, tumelelewa vizuri mno kukataa. Kila mtu alichukua glasi yake, akasema merci, akaishika. Basi ikawa hivyo: watu ishirini wamekaa sebuleni na barazani, joto linawatoa jasho hadi kwenye nyusi, kila mmoja ameshika glasi ya baridi, na hakuna hata mmoja anayeipeleka mdomoni. Walizungumzia barabara. Walizungumzia umeme unaokatika. Mtu asiyetujua angedhani tunangoja kuombea glasi hizo.

Kisha sababu zikaanza kutoka moja moja. Kaka mkubwa akakumbuka kwamba daktari amemkataza sukari, yeye aliyekuja na keki nusu ndani ya gari. Shangazi alikuwa kwenye novena, sala zake za siku tisa, na novena hiyo ilikataza matunda ya porini tu. Binamu yetu mfamasia ndiye aliyenikera zaidi, kwa vile alitoa somo. Alieleza kwa Kifaransa kirefu jinsi vijidudu vinavyozaliana kwenye maji ya matunda wakati wa joto, akiwa ameiinua glasi kwenye mwanga kama anasoma majibu ya maabara, kisha akaiweka chini taratibu, mbali naye. Mhandisi hakutafuta sababu. Alimwaga yake ndani ya chungu cha maua pembeni ya kiti, akijiona mjanja. Maua ya dada ni ya plastiki. Juisi ikatoka kwa chini, ikatambaa juu ya simenti, ikafika kwenye viatu vyake.

Dada aliiona. Alileta kitambaa, akapangusa sakafu, akapangusa na kiatu. Nilitamani ardhi immeze mhandisi na mimi pamoja naye.

Baada ya nusu saa kaka mkubwa alikohoa na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayewaza juu ya jambo dogo, kama hakuna sucré. Mhandisi akashika funguo za gari kabla swali halijaisha. Alirudi na kreti mbili kwa mwendo ambao hajawahi kuuonyesha akiombwa kumpeleka mtu hospitali. Lakini ufunguo wa chupa hakuwa nao, na hakuna mwingine aliyekuwa nao. Dada yangu ndiye aliyeuleta kutoka jikoni. Alisimama akiwatazama wakifungua, chupa baada ya chupa, na kila mtu akikiangalia kizibo chake kwanza. Walikunywa hadi machozi ya gesi yakawatoka. Mfamasia, adui wa vijidudu, alikunywa kwa mdomo wa chupa bila kuipangusa.

Hapo dada aliingia jikoni akatoka na jagi na glasi tupu. Akasimama katikati ya sebule. Akajimiminia hadi juu, akanywa yote polepole, sote tukimwona, akageuza glasi chini juu ili tuone kwamba imeisha. Alikuwa amefanya sasa kile ambacho adabu ilitaka, alichonyimwa nafasi ya kukifanya na sinia langu. Kisha akaliweka jagi mezani na kungoja.

Shangazi ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote. "Ah, mama, aksanti sana," alisema. "Ila tumekwisha kunwa sucré. Tumbo imejaa."

Nililipuka. Sijuti niliyoyasema, najuta nilivyoyafurahia. Nilisimama na kuwaambia kwa Kifaransa, kwa kuwa hasira yangu nayo imesoma, kwamba ni aibu watu wenye diploma ukutani kuogopa tunda. Nilimuuliza mfamasia ni kwenye kitabu gani alisoma kwamba moyo wa mtu unasimamishwa na mkono wa mkewe. Nilimwambia mhandisi akanunue maua yenye mizizi. Niliwakumbusha kwamba mimi nafundisha biolojia, kwamba nilikuwepo tangu ganda la kwanza hadi kuchuja kwa mwisho, na kwamba juisi ile ni safi kuliko ndimi zao. Walitazama chini. Nilijisikia mkubwa. Nilikuwa nikinyoosha mkono kila nilipomtaja mtu, na kitu fulani kilinimwagikia kwenye kidole.

Dada aliningoja nimalize. Hakupandisha sauti, aliongea taratibu kana kwamba tuko wawili tu.

"Na weye, mudogo wangu? Tulikamua pamoya. Mbona glasi yako ingali inajaa?"

Nilitazama mkono wangu. Ilikuwa imejaa. Barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka, kipande changu cha limau kilikuwa kimezama. Tangu saa nane nilikuwa nimejiambia kwamba nahudumia kwanza, kwamba ndugu wa mwenye nyumba hunywa mwisho, kwamba nitakunywa nikishakaa. Nilikuwa nimekaa mara tatu. Sebule nzima iliyokuwa imetazama chini sasa iliinua macho, na mfamasia akaanza kutabasamu.

Nikanywa. Nilikunywa yote kwa mkupuo mmoja, nikigonga meno kwenye glasi. Ilikuwa tamu mno, ya vuguvugu, na tangawizi iliniwasha koo. Dada alinitazama hadi tone la mwisho, kisha akaipokea glasi kwa mikono miwili, jinsi anavyopokewa mgeni, akasema aksanti. Hakunijazia nyingine.

Niliondoka kabla ya giza. Sikuwaaga wale wengine, walikuwa wanafiki na sikutaka kuwapa mkono. Madirisha ya gari niliyafunga kwa sababu ya vumbi, redio nikaizima, na njia nzima kutoka Ruashi hadi Bel-Air, mimi mwalimu wa biolojia, nilikuwa nasikiliza tumbo langu.